Dhiraa ya Nani? Historia ya Vipimo vya Nguo, Kuanzia Soko la Madina hadi Simu ya Mkononi



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, wazazi na wanafunzi, leo tuzungumze jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni saizi za nguo. Kila inapokaribia Idd, katika vijiji vya Nakivale na mitaa ya Mbarara watu huagiza nguo kwa simu. Mama huona picha ya abaya iliyotumwa na muuzaji aliyeko Kampala, Nairobi au Dubai. Huulizwa anataka saizi gani, hujibu "L", hutuma pesa, kisha husubiri mzigo ufike Mbarara kwa basi na kutoka hapo upakiwe gari la Nakivale. Mzigo unapofunguliwa, abaya ya L haipiti mabegani. Na ndani ya sanduku ipo abaya nyingine ya L, iliyonunuliwa mwaka jana kwa muuzaji mwingine, ambayo inaburuza chini. Hapo ndipo maneno huanza. Mnunuzi anasema ametapeliwa. Muuzaji anasema ametuma L kama alivyoagizwa. Wote wawili wanaapa, na inawezekana kabisa kwamba wote wawili wanasema kweli.

Kwa familia nyingi hapa jambo hili si dogo hata kidogo. Tangu Shirika la Chakula Duniani lilipoanza kupunguza misaada kwa wakimbizi wa Uganda, pesa ya abaya moja ni akiba ya muda mrefu. Tena nguo kwetu si pambo tu. Ni sitara, na nguo inayobana haitimizi kazi yake hata kama rangi yake inapendeza. Na zaidi ya hayo, ugomvi wa saizi unavunja udugu kati ya Muislamu na Muislamu.

Basi tujiulize: hiyo "L" ni kipimo? Tukiangalia historia, tutaona kwamba swali hili ni la zamani sana, na kwamba wanachuoni wetu walilijibu kabla haijakuwapo simu wala cherehani.

KIPIMO CHA KWANZA KILIKUWA MWILI

Wazee wetu hawakuwa na tepu. Walipima kwa mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Shibiri mbili ni dhiraa moja, yaani mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa nne ni pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Waarabu nao walipima hivyo hivyo, na majina ya shibiri na dhiraa tuliyapata kwao.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakuna anayekisahau nyumbani. Ubaya wake ni kwamba mikono haifanani. Mtu mrefu akikupimia dhiraa nane za kitambaa utapata nguo ya kutosha. Mtu mfupi akikupimia dhiraa nane hizo hizo, utapungukiwa na pindo. Na hapo hakuna aliyesema uongo, kwa kuwa wote wamehesabu nane.

Sote tunajua onyo lililomo katika Suratul Mutaffifin kwa wale wanaojipimia kamili wanapochukua na kupunguza wanapotoa. Tunajua pia habari ya Nabii Shuaib (A.S.) na watu wa Madyan waliopunja vipimo. Lakini zingatia jambo hili: aya hizo zinamkemea anayepunja kwa makusudi. Tatizo la dhiraa lina upande mwingine. Watu wawili wanaweza kudhulumiana bila yeyote kukusudia, kwa sababu wanatumia jina moja kwa vitu viwili tofauti. Dawa yake si kuapa. Dawa yake ni kuwa na kipimo kinachojulikana na wote wawili.

FIMBO YA SAYYIDNA UMAR (R.A.)

Qadhi al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), katika kitabu chake cha al-Ahkam as-Sultaniyya ametaja dhiraa aina saba zilizotumika katika nchi za Kiislamu, na zote hazikulingana. Miongoni mwake ni dhiraa ya Umar.

Anasimulia, kwa mapokezi ya al-Hakam bin Utayba, kwamba ilipotakiwa kupimwa ardhi ya Iraq, Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alichukua dhiraa ndefu kuliko zote, dhiraa fupi kuliko zote na dhiraa ya kati. Akazijumlisha, akatwaa theluthi yake, kisha akaongeza upana wa ngumi na dole gumba lililosimamishwa. Alipopata kipimo hicho, akakitia muhuri wa risasi katika ncha zake zote mbili, akakipeleka kwa Hudhayfa na Uthman bin Hunayf (R.A.), nao wakapimia ardhi hiyo.

Angalieni hekima iliyomo. Kwanza, hakuchukua mkono wake mwenyewe kwa kuwa yeye ni Khalifa. Alitafuta wastani wa watu. Pili, alipopata wastani huo hakuuacha kichwani mwake. Aliuweka juu ya fimbo na kuufunga kwa risasi, ili asije mtu akakata ncha au kuongeza. Tatu, waliotumwa kupima walipewa kipimo kimoja kilicho mkononi mwao.

Al-Mawardi anataja pia dhiraa nyeusi. Anasema aliyeiweka kwanza ni Harun ar-Rashid, aliyeipima kwa mkono wa mtumishi wake mweusi aliyekuwa amesimama karibu naye. Dhiraa hiyo ndiyo watu walioitumia kupimia nguo, bidhaa, majengo na kina cha mto Nile. Katika kisiwa cha Rawda huko Cairo ipo mpaka leo nguzo ya kupimia Nile, iliyojengwa mwaka 247 Hijria (861), na dhiraa yake ni kama sentimita 54.

Mtu anaweza kusema: mbona dhiraa hiyo nayo ni ya mkono wa mtu mmoja? Ni kweli. Lakini tangu ilipochongwa juu ya jiwe haikuwa tena mkono wa mtu. Mtumishi yule alikufa, na dhiraa ikabaki. Kipimo si lazima kitokane na kitu kikamilifu. Kinachotakiwa ni kithibiti mahali ambapo mnunuzi na muuzaji wote wanaweza kukiona.

WANACHUONI NA "MKONO WA FULANI"

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622 aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya wakati wake, kwa mwaka mmoja au miwili. Hakuwakataza. Aliwaamrisha kwamba anayelipa mapema kwa kitu kitakacholetwa baadaye, basi ujazo wake ujulikane, uzito wake ujulikane, na muda wake ujulikane. Hadithi hii imepokewa na Ibn Abbas (R.A.), nayo ndiyo msingi wa bei ya salam. Kuagiza nguo kwa simu na kulipa kabla ya kuiona kunakaribiana sana na muamala huo.

Je, nguo inafaa kuuzwa kwa salam? Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika al-Minhaj, kitabu kilichosomeshwa miaka mingi katika pwani yetu ya Kiswahili, yale ambayo ni lazima yatajwe katika kitambaa: aina yake, urefu wake, upana wake, unene au wembamba wa nyuzi, kufumwa kwake kama kumebana au kumelegea, na ulaini au ukwaruzo wake. Wanachuoni wa madhhab ya Shafi wakaongeza kuhusu nguo iliyokwisha kushonwa, kama kanzu na suruali, kwamba inafaa iwapo urefu wake, upana wake, na kupwaya au kubana kwake kutadhibitiwa. Sasa fungua simu yako uangalie tangazo la nguo. Katika yote hayo utakuta limetajwa lipi? Mara nyingi ni rangi, bei, na herufi moja.

Na hapa ndipo penye jibu la swali letu. Imam al-Quduri wa madhhab ya Hanafi, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), anasema salam haifai kwa kibaba cha mtu maalumu wala kwa dhiraa ya mtu maalumu. Wanaomfuata wakaeleza sababu: mali italetwa baadaye, na huenda kibaba kile kikapotea au mtu yule akafa, na hapo pasiwe na cha kuamulia ugomvi. Kwa Shafi pia kipimo kisichojulikana kwa watu kinaharibu mkataba. Katika madhhab ya Maliki imeruhusiwa dhiraa ya mtu maalumu, lakini ni mtu anayejulikana, ambaye mkono wake unaweza kuonekana.

Tafakarini, ndugu zangu. Herufi "L" iliyoandikwa na kiwanda ni dhiraa ya mtu maalumu. Tena ni mtu ambaye si mnunuzi wala muuzaji aliyewahi kumwona, na hata jina lake hatulijui. Hata Maliki aliye mwepesi katika jambo hili hakufika huko.

MERIKANI, DOTI NA MKONO KONDE

Tushuke sasa hadi kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitiliana mkataba wa biashara na Marekani. Meli kutoka mji wa Salem zikaleta kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, na watu wa pwani wakakiita merikani. Kitambaa hicho kilisafiri mabegani mwa wapagazi hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Karagwe na Buganda. Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu, kilikuwa Karagwe, ng'ambo tu ya mto Kagera ukitokea hapa kwetu Isingiro.

Katika safari hizo kitambaa kilikuwa pia ni pesa. Shuka moja ilihesabiwa dhiraa nne, na shuka mbili ni doti, yaani dhiraa nane. Hongo ya machifu, mishahara ya wapagazi na bei ya chakula, vyote vilihesabiwa kwa doti. Lakini dhiraa ipi? Kwa sababu katika Kiswahili zilikuwapo mbili. Ilikuwapo dhiraa kamili, inayoishia kwenye ncha ya kidole, na ilikuwapo dhiraa konde, inayoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Jaribu sasa hivi kwenye mkono wako uone tofauti yake, kisha uizidishe mara nane. Asiyeuliza ni dhiraa ipi alikuwa amekwisha kupoteza kipande kizuri cha nguo kabla kitambaa hakijakatwa.

Hata hivyo wazee wetu hawakupata tabu ya saizi kama tunayoipata sisi, na sababu ni mbili. Ya kwanza, nguo nyingi za pwani zilikuwa za kujifunga. Kikoi, shuka, na kanga iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19 hazina saizi. Mwanamke mnene na mwembamba hununua doti ile ile, na mwili ndio unaoamua ifungwe vipi. Ya pili, nguo za kushonwa kama kanzu zilikatwa na fundi aliyekuwa mbele yako. Fundi hakukuuliza wewe ni L au XL. Alikupima mabega, kifua na urefu, akaandika, akakata. Kipimo kilikuwa chako wewe, na kama kimekosewa, fundi yupo na nguo ipo.

Tena mafundi walikuwa na wa kuwaangalia. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwapo muhtasib, msimamizi wa soko. Ash-Shayzari, aliyeandika kitabu cha kazi ya muhtasib katika karne ya 12 Miladia, anataka fundi asipokee kitambaa cha thamani kama hariri ila baada ya kukipima kwa mizani, na akimaliza kushona airudishe nguo kwa uzito huo huo. Leo hapa Uganda mizani za madukani hukaguliwa na shirika la viwango la taifa, UNBS. Mizani inakaguliwa, lakini herufi iliyo kwenye shingo ya shati, nani anaikagua?

HERUFI NA NAMBA ZILIKOTOKA

Huko Ulaya na Marekani nako watu walishonewa. Kabla ya tepu ya inchi kuenea katika karne ya 19, fundi alikuwa na ukanda wa karatasi au wa ngozi kwa kila mteja, akiukata alama pembeni: hapa kifua, hapa kiuno, hapa mkono. Ukanda wako haukumfaa jirani yako.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vita vile vile vilivyofanya merikani iadimike Zanzibar, jeshi lilihitaji sare nyingi kwa haraka. Askari wengi mno walipimwa, na ikaonekana kwamba vipimo fulani hujirudia pamoja. Mwenye kifua cha kiasi hiki aghalabu ana mabega ya kiasi hiki. Hapo viwanda vikaweza kushona nguo za wanaume bila kumwona atakayevaa.

Kwa wanawake ilichelewa. Mwaka 1939 Wizara ya Kilimo ya Marekani, chini ya Ruth O'Brien na William Shelton, ilianza kuwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo zaidi ya 50. Matokeo yalichapishwa mwaka 1941. Ilikuwa kazi kubwa, nayo inakumbusha ile fimbo ya Sayyidna Umar, kwa maana ya kutafuta wastani. Lakini ina tofauti kubwa. Sayyidna Umar alichukua mkono mrefu, mfupi na wa kati. Hawa walioandaa jedwali waliviweka kando vipimo vya wanawake wasiokuwa Wazungu. Kwa hiyo dada wa Kisomali, wa Kikongo au wa Kinyankore anapokuta nguo haimkai, ajue kwamba waliopimwa mwanzo hawakuwa wenye umbo lake.

Mwaka 1958 serikali ya Marekani ilitoa kiwango cha saizi za wanawake. Hakikudumu. Mwaka 1970 kilirekebishwa na kufanywa hiari, na mwaka 1983 kikaondolewa kabisa. Viwanda vikabaki huru, na vikagundua kwamba mteja hufurahi akiambiwa amevaa namba ndogo. Basi namba zikashushwa na nguo zikapanuliwa. Gauni lililoandikwa 8 Marekani katika miaka yetu hii linakaribia lile lililokuwa 16 mwaka 1958. Mwili haukubadilika jina, ni lebo iliyobadilika. Ulaya nako kila nchi ilishika namba zake. Gauni moja linaweza kuwa 38 Ujerumani, 40 Ufaransa, 44 Italia na 12 Uingereza.

Kwa maneno mengine, ile risasi kwenye ncha za fimbo imevunjwa, na kila kiwanda kinakata fimbo yake.

YOTE YANAKUTANA HAPA KWETU

Sasa fikirieni soko letu. Mitumba, ambayo hapa Uganda tunaiita mivumba, inatoka Ulaya, Marekani na Asia ndani ya marobota, kila nguo na lebo ya kwao. Nguo mpya zinatoka China na Uturuki. Abaya zinatoka Dubai. Katika robota moja zimo dhiraa za mataifa kumi. Sokoni hilo halituumizi sana, kwa sababu tunaishika nguo, tunaipima mwilini, tunavuta mshono. Tunapoagiza kwa simu, jicho na mkono havipo. Inabaki lebo peke yake, na lebo ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote.

Hata hivyo zipo lebo zinazosema kweli, na ni vizuri kuzisoma. Nguo nyingi za China, pembeni ya herufi M au L, zina maandishi kama 165/88A. Maana yake ni kwamba nguo hiyo imekatwa kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 165 na kifua cha sentimita 88, na herufi A inaonyesha tofauti ya kifua na kiuno ni ya kawaida. Hicho ni kipimo. Abaya nyingi huandikwa 52, 54, 56, 58 au 60. Hizo ni inchi za urefu, kutoka begani hadi pindoni. Abaya ya 56 ina urefu wa kama sentimita 142. Hicho nacho ni kipimo, lakini ni cha urefu peke yake. Hakikuambii chochote kuhusu upana wa kifua wala mkono. Wengi wanakosea hapo: wanauliza 56, wanapata 56, na bado inabana.

TUFANYE NINI?

Kwa mnunuzi. Chukua nguo yako ambayo tayari inakukaa vizuri kisheria na kimwili, yaani inasitiri na haibani. Itandaze juu ya mkeka. Pima kwa tepu kutoka kwapa hadi kwapa, pima mabega, urefu wa mkono, na urefu kutoka begani hadi pindoni. Andika kwa sentimita, uhifadhi, na kwa watoto upime upya kila baada ya miezi michache. Unapoagiza, usitume herufi. Tuma namba hizo, na mwombe muuzaji apime nguo yenyewe aliyonayo, si kukutumia jedwali la kiwanda. Mkikubaliana, iandikwe katika ujumbe kabla hujatuma pesa. Hapo umeiweka sifa hiyo kuwa sharti. Nguo ikija kinyume cha sharti, una haki ya kuirudisha, na ushahidi upo kwenye simu.

Tukumbuke pia kwamba sheria imempa mnunuzi nafasi ya kufikiri. Sahaba Habban bin Munqidh (R.A.) alikuwa akihadaiwa katika biashara. Mtume (S.A.W.) akamfundisha atamke wakati wa mauziano kwamba kusiwe na hadaa, na katika baadhi ya mapokezi akapewa hiari ya siku tatu. Kwa hiyo hakuna aibu kumwambia muuzaji tangu mwanzo: nikiipokea nina siku tatu za kuijaribu.

Kwa muuzaji. Kupima nguo kunachukua dakika mbili. Ukiandika chini ya picha "kifua 104, urefu 142, mkono 60", umetoka katika dhima. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Ukijua kwamba L yako ni ndogo, na ukanyamaza ili mali iondoke, wewe unajua lundo lako lina unyevu.

Kwa wote wawili, ugomvi ukitokea. Mara nyingi hakuna mwizi kati yenu. Mnunuzi alisema L, muuzaji akatuma L, na kila mmoja alikuwa na L yake kichwani. Katika hali hiyo upo mlango mzuri sana unaoitwa iqala, yaani kuvunja mauzo kwa ridhaa. Mtume (S.A.W.) amemsifu anayekubali kumrudishia Muislamu mauzo aliyoyajutia, na ameahidi kwamba Allah atamsamehe makosa yake. Nauli ya kurudisha mzigo inaweza kugawanywa nusu kwa nusu. Na kama haiwezekani kurudisha, mafundi wetu wapo, Nakivale na Mbarara, wanaoweza kuongeza kipande ubavuni au kupunguza pindo, na wao pia wana watoto wa kulisha.

Kwa mabinti na vijana wetu. Wapo wanaofungua mzigo, wakakuta XXL imewabana, wakaona haya, wengine wakaanza kujinyima chakula. Mwanangu, umesoma sasa namba hiyo ilikotoka. Ilitokana na jedwali la watu wa mbali, kisha ikabadilishwa na wauzaji kwa ajili ya faida. Allah (S.W.) ametuumba katika umbo lililo bora, na hakuna kiwanda kilichopewa kazi ya kukuhukumu. Nguo ikikataa, kosa ni la nguo.

Na walimu wenzangu, tunaposomesha mlango wa salam tusiishie kwenye tende na ngano. Chukueni tepu, leteni nguo mbili zenye herufi moja, wanafunzi wazipime wenyewe darasani. Wataelewa kwa nini wanachuoni waliikataa dhiraa ya mtu asiyejulikana, na wataelewa kwamba fiqhi waliyoirithi ni ya maisha yao.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe waadilifu katika vipimo vyetu, atupe riziki ya halali, na atusitiri duniani na akhera. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Mwalimu wa madrasa, Isingiro